Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Shylock Katika Bonde la Kilombero

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi watu wa pwani huitumia methali hii kumwasa anayekimbilia mkopo bila kuhesabu siku za kulipa, na aghalabu huitamka kwa kejeli, kama maneno ya kupita. Lakini ipo tamthilia moja ambayo mtu angedhani ilitungwa makusudi ili kuisherehesha. Kijana anataka kwenda kuposa, na hana kitu. Rafiki yake tajiri, ambaye mali yake yote iko baharini, anajifunga kwa niaba yake mbele ya mkopeshaji. Harusi inafungwa. Siku ya kulipa inapofika majahazi hayajarejea, na yule rafiki anasimamishwa mahakamani kifua wazi akingojea kisu, kwani alichokiweka rehani ni ratili moja ya nyama ya mwili wake.

Hiyo ni tamthilia ambayo William Shakespeare aliiandika karibu na mwaka 1596, na ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Katika mkusanyo mkubwa wa kazi za Shakespeare uliotolewa mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake, imewekwa katika fungu la futuhi, yaani michezo ya kuchekesha ambayo huishia katika ndoa na furaha.

Neno hilo, futuhi, ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Mkopeshaji, Myahudi aitwaye Shylock, anatoka mahakamani akiwa amepokonywa mali, binti yake amekwisha kutoroka na Mkristo, na yeye mwenyewe ameamriwa aiache dini ya baba zake. Baada ya hapo haonekani tena. Sehemu ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho, yote ni mbalamwezi, muziki na mizaha ya maharusi juu ya pete. Sasa basi, mtu anapoichukua kazi kama hii akataka kuigeuza filamu, tena katika nchi yetu na katika lugha yetu, anadaiwa nini, na mdai wake ni nani? Wengi watajibu haraka kwamba anadaiwa uaminifu, na mdai ni Shakespeare. Mimi nasema deni lake kubwa liko kwa yule anayechekwa.

Tuanze na huo uaminifu kwa mwandishi. Shakespeare hakukibuni kisa hiki. Alikikuta katika kitabu cha hadithi cha Kiitaliano kiitwacho Il Pecorone, kilichopigwa chapa mwaka 1558, na humo tayari mlikuwa na mkopo, nyama ya mwili, na bibi wa Belmonte. Yeye alikichukua, akakigeuza, akakiunganisha na visa vingine. Mwaka 1807 ndugu wawili wa Uingereza, Charles na Mary Lamb, walizisimulia upya tamthilia zake kwa ajili ya watoto. Kutoka kwao Edward Steere, mmisionari aliyekuwa Unguja, alichota visa vinne akavitia katika Kiswahili na kuvichapisha hapa kisiwani mwaka 1867, na kimojawapo kilikuwa hiki cha mkopo wa Venisi. Kila mkono ulioipokea kazi hii umeigeuza. Anayesema kwamba filamu haina ruhusa ya kubadili kitu, basi aanze kumshitaki Shakespeare.

Hata hivyo kubadili si jambo la bure, na hapo ndipo maadili yanapoingia. Katika masimulizi ya akina Lamb, Shylock anatambulishwa tangu mwanzo kuwa mtu wa roho ngumu anayechukiwa na watu wema. Yale maneno yake mashuhuri, anapohoji kama Myahudi naye hana macho na mikono, kama akichomwa hatoki damu na akidhulumiwa hana haki ya kulipiza, hayamo. Yameachwa nje. Kwa hiyo Waswahili wa mwanzo kabisa kukutana na mtu huyu walipewa chuki juu yake bila ya kupewa jibu lake. Alishuka bandarini Unguja amekatwa ulimi.

Ulimi huo aliurudishiwa na Mwalimu, miaka mia moja na miwili baadaye, alipoifasiri tamthilia nzima kwa mistari isiyo na vina, maneno ya Shylock yakiwa yametimia. Aidha, alifanya jambo jingine ambalo limezungumzwa sana. Kichwa cha Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja, naye si Shylock, ingawa wengi hudhani hivyo. Ni Antonio, yule rafiki mwenye majahazi. Mwalimu akaandika mabepari, kwa wingi. Neno bepari lilitujia kutoka India, na maana yake ya kwanza ilikuwa mfanyabiashara tu. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hakuna Mtanzania aliyelisikia kwa maana hiyo ya kale. Wapo waliomlaumu kwamba aliitia siasa kazi ya sanaa. Nia ya moyo wake hatuwezi kuisoma; tunachoweza kusoma ni jalada la kitabu. Na jalada linasema kwamba wenye hatia si mtu mmoja wa kabila moja. Antonio naye yumo, Bassanio anayekopa ili aoe tajiri yumo, na mji mzima unaoishi kwa faida yumo. Kiambishi kimoja cha wingi kimeyatoa mashitaka kwenye nasaba ya mtu na kuyapeleka kwenye mwenendo wa watu. Kwangu mimi huko ndiko kufasiri kwa dhamiri.

Ikiwa Steere alituletea kisa, na Mwalimu akakitia sauti, kilichobaki ni uso. Na uso ndio mali ya filamu.

Tofauti baina ya jukwaa na filamu si ya vyombo tu. Wenye elimu ya hukumu hutenganisha ushahidi wa kusikia na ushahidi wa kuona. Katika tamthilia Shylock analalamika kwamba Antonio amemtemea mate na kumwita mbwa mbele za watu. Sisi watazamaji tunasikia lalamiko, na kila mmoja ana hiari ya kuliamini au kulidharau. Mwongozaji Michael Radford alipoitengeneza filamu yake iliyotoka mwaka 2004, huku Al Pacino akiwa Shylock, alianza kwa kutuonyesha mate yenyewe yakitua usoni. Mwishoni, baada ya hukumu, akamwonyesha mzee huyo amesimama peke yake, mlango wa watu wake umefungwa mbele yake na hana pa kwenda. Hakuna mstari hata mmoja wa Shakespeare unaoeleza hilo. Kamera ilikwenda mahali ambapo mwandishi hakwenda, ikarudi na ushahidi.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 2002, Wamaori wa New Zealand walikwisha kuitoa filamu ya tamthilia hiyohiyo kwa lugha yao. Mwongozaji alikuwa Don Selwyn, na maneno waliyoyatumia yalikuwa ya tafsiri iliyofanywa mwaka 1945 na Pei Te Hurinui Jones, ambaye kichwa chake cha Kimaori kinamtaja mtu mwenye mali wa Venisi. Hebu tupime: tafsiri ya watu walionyang'anywa ardhi, ikingoja zaidi ya nusu karne, halafu ikapewa nyuso. Shylock wa filamu ile anaigizwa na Mmaori, na wanaomhukumu ni Wamaori vilevile. Anayejua historia ya nchi ile hawezi kuitazama mahakama hiyo bila kuuliza ni nani hasa aliyepata kuhukumiwa kwa sheria isiyo yake.

Nasi je? Sinema si ngeni kwetu. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kulikuwa na kituo cha kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alikuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni jambo la kufikirisha kwamba viongozi wawili wa juu wa Tanzania, mmoja alikuwa mfasiri wa Shakespeare na mwingine mcheza sinema, na bado Mabepari wa Venisi wamebaki vitabuni na katika majukwaa ya shule. Baadaye yakaja mabanda ya video, na humo akazuka fundi wa aina yake, mtu kama Lufufu, aliyekaa na kipaza sauti akiwasimulia watazamaji kwa Kiswahili filamu za kigeni. Fundi huyo alikuwa zaidi ya mfasiri. Alikuwa na uwezo wa kuamua wapi kicheko kiangukie. Akimpa mhusika lafudhi ya kabila fulani, banda zima linacheka, na filamu imekwisha kupata maana ambayo aliyeitengeneza hakuijua.

Hofu yangu ipo hapo, kwenye lafudhi. Ili niieleze, nitaichukua hoja hii na kuishusha mahali penye udongo na maji, katika Bonde la Kilombero.

Tuseme kijana wa Ifakara, mwenye kamera na marafiki kumi, ameamua kuwatengeneza Mabepari wa Venisi kama kisa cha bondeni. Sidhani kama angepata mahali pafaapo zaidi. Bonde limelala baina ya milima ya Udzungwa na miinuko ya Mahenge, na kila masika Mto Kilombero huvimba, mbuga ikawa ziwa, na watu wakatembea kwa mitumbwi walipokuwa wakipita kwa miguu. Mwaka 2002 eneo hilo liliandikishwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu za Ramsar. Venisi ni mji wa maji. Ifakara nayo, kwa miezi kadhaa, ni mji unaoishi kwa rehema ya maji. Belmont, nyumbani kwa bibi arusi, iko ng'ambo. Na upande wa Ulanga ni ng'ambo hasa, ambako hadi lilipofunguliwa daraja la mita 384 mwaka 2018, mtu alivuka kwa kivuko. Majahazi ya Antonio yatakuwa magunia ya mpunga yaliyoko shambani. Habari ya kuzama kwa majahazi itakuwa habari ya mafuriko.

Na mkopo? Mkopo haukosekani. Popote penye mpunga ipo desturi hii: mwezi wa Februari au Machi, ghala limekwisha, mtoto anadaiwa ada, au kijana anataka kuposa, mkulima huenda kwa mwenye fedha na kuuza mpunga ungali majani. Anapokea noti leo, atalipa magunia siku ya kuvuna. Ile fedha, akiigawa kwa magunia, ni sehemu ndogo tu ya bei ya Julai. Tena gunia lenyewe halitakuwa gunia la haki. Litashindiliwa, litaongezwa kichwa juu ya mdomo wake na kushonwa kwa kamba, likawa lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na kila mwaka maofisa wanakemea, na kila mwaka lumbesa inapakiwa.

Wapenzi wa mashairi watanielewa nikisema kwamba kiini cha tamthilia hii ni mizani. Shylock anakuja mahakamani na mizani yake mkononi. Portia, bibi arusi aliyejivika joho la mwanasheria, anamshinda kwa mizani hiyohiyo: chukua ratili yako, wala usizidishe wala usipunguze hata chembe, na tone la damu lisimwagike. Mtazamaji wa Bondeni, ambaye maisha yake yote amelipa kwa lumbesa, atakaposikia hukumu hiyo hatahitaji kuelezwa na mtu. Atapiga makofi. Atacheka kwa kicheko cha mtu aliyeona, walau mara moja, mkopeshaji akibanwa kwa kipimo.

Kicheko hicho ni halali. Lakini kinamwangukia nani? Kijana wetu lazima amchague mtu wa kuwa Shylock, na uso hauwezi kuwa uso tu. Utakuwa uso wa mtu wa mahali fulani. Vishawishi ni vingi. Anaweza kumfanya Mhindi mwenye duka, maana picha hiyo iko tayari vichwani. Anaweza kumfanya mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake, kwa kuwa bondeni kumekuwa na ugomvi wa wakulima na wafugaji, na mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo. Jeraha bado ni bichi na kicheko kitapatikana kwa urahisi. Au anaweza kumvika Shylock kanzu na kofia ya viua, akampa duka la rejareja na lafudhi ya Pemba. Msomaji wa visiwani asishangae. Huko bara Mpemba mwenye duka ni mtu wa vichekesho wa siku nyingi. Hebu tujione tumekaa gizani, ukumbi umejaa, na Shylock anafungua mdomo akasema kwa sauti ya ami yetu. Banda zima linaangua kicheko kabla hajakopesha hata shilingi.

Naomba tuishike hali hiyo kwa muda, kwa sababu sisi wenyewe tumewahi kuwa upande wa pili wa ukumbi. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliwahi kulemewa na rehani hata serikali ya kikoloni, mwaka 1934, ikapitisha amri ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wakopeshaji, ambao wengi wao walikuwa Wahindi. Mwaka 1937 ikafuata amri juu ya biashara ya karafuu, nao wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia. Madeni yalikuwa ya kweli, na wapo waliotajirika kwa shida za wengine. Lakini deni lilipokuwa likizungumzwa, halikuzungumzwa kama mwenendo. Lilizungumzwa kama kabila. Tukazoea. Na katika machafuko ya Juni 1961, kisha katika siku za Januari 1964, waliuawa na kuporwa watu wa mashamba ambao kosa lao kubwa lilikuwa kuuza unga na mafuta ya taa na kuandika madeni ya jirani katika daftari. Sisemi kwamba vichekesho ndivyo vilivyoua. Nasema kwamba mtu aliyekwisha kuzoewa kuchekwa, akililia haki yake, kilio chake nacho husikika kama kichekesho.

Ndugu msomaji anaweza kunikatiza hapa: wewe unamwonea huruma mla riba, naye dini yetu imemkataza? Sibishi, riba ni haramu na sitafuti fatwa ya kuihalalisha. Lakini katika Suratul Baqara, palepale riba inapokatazwa, pana agizo la kumngojea mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Katika tamthilia hii hakuna anayemngojea mwenzake. Shylock anaombwa asubiri na anakataa. Dakika chache baadaye yeye ndiye mwenye dhiki, na wale waliokuwa wakimhubiria rehema wanambana mpaka kwenye imani yake. Tena tusisahau kwamba mkopo huu mahsusi hakuutoza riba. Aliudai ule mkataba wa nyama akisema ni mzaha tu. Mzaha mzaha, wahenga wanasema, hutumbuka usaha.

Neno hilo mzaha ndilo linalonipa kipimo ninachokitafuta. Sisi tunao utaratibu wa kale wa kuchekana, nao ni utani. Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara ya bara na pwani. Mtani anaweza kumwita mtani wake mtumwa, anaweza kumnyang'anya kofia, anaweza kuingia hata msibani akachekesha waliofiwa, huku akisaidia kazi za mazishi. Maneno yake, yakitoka kwa mtu mwingine, yangeleta ugomvi. Kwa nini hayaleti? Kwa sababu utani una sharti moja lisilovunjwa: anayechekwa leo atajibu, na jibu lake litapokewa. Mnyamwezi humcheka Mzaramo kwa kadiri ileile Mzaramo anavyomcheka Mnyamwezi. Mizani imekaa sawa. Kicheko kisichokuwa na jibu hakiitwi utani. Kwa Kiswahili kinaitwa dhihaka, na mwisho wake ni dhuluma.

Kwa kipimo hiki mambo mengi ya Venisi yanafunuka. Antonio na Shylock si watani. Antonio anacheka, anatema mate, anapiga teke. Shylock hana ruhusa ya kurudisha. Siku anapopata nafasi ya kurudisha, anarudisha kwa kisu, kwa kuwa ulimi wake haukuwahi kupokewa. Na mzaha wake wa nyama uligeuka sumu kwa sababu ulifanywa baina ya watu wasio na undugu wa kutaniana. Hivyo futuhi njema, kwa maoni yangu, ni ile iliyo na utani ndani yake, yaani ile ambayo mtu anayechekwa amebakishiwa jibu. Na kazi ya anayeigeuza futuhi ya kale iwe filamu ni kuhakikisha jibu hilo halianguki njiani, kama lilivyoanguka kwa akina Lamb.

Turudi basi kwa kijana wetu wa Ifakara. Akiniuliza, nitamshauri asimtafute Shylock nje ya bonde. Wakopeshaji wa mpunga aghalabu si wageni; ni jirani, ni mjomba, ni mwalimu mstaafu, ni mama mwenye mashine ya kukoboa. Lakini hapa lazima nikabiliane na pingamizi zito kuliko yote. Mtu mwenye busara atasema kwamba tukimfanya Shylock kuwa mwenzetu, tumeufuta Uyahudi wake, na Uyahudi wake ndio sababu ya mateso yake. Na baada ya mamilioni ya Wayahudi kuuawa Ulaya katika karne iliyopita, hakuna mwenye haki ya kuisafisha tamthilia hii kwa kuufuta ugeni wa mtu huyo.

Pingamizi hilo ni la kweli, na jibu lake si kuufuta ugeni bali kuonyesha unavyotengenezwa. Shylock alizaliwa Venisi au aliishi humo miaka mingi; wenyewe humkopa, hufanya naye biashara, na bado sheria iliyomwangusha mwishoni ni sheria dhidi ya mgeni anayetishia maisha ya raia. Ugeni wake ulikuwa umefichwa katika kabati la sheria ukingoja siku yake. Bondeni wapo maelfu ambao baba zao walikuja kukata miwa Kidatu tangu miaka ya 1960, au walikuja na ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, wakabaki, wakaoa, wakazika. Mtoto wa mtu kama huyo ni mwana-Ifakara. Hana lafudhi ya kuchekesha. Machi anaitwa jirani na kaka, kwa kuwa ana fedha. Julai, siku anayodai magunia yake, mtu mmoja anamwita wa kuja. Neno hilo linatembea kutoka kinywa hadi kinywa, na likifika mahakamani limekwisha kuwa sheria. Kamera inaweza kulifuata neno hilo kama inavyofuata mtu anayetembea. Na badala ya kumlazimisha abadili dini, jambo ambalo kwetu lingewasha moto mwingine, hukumu ya mwisho iwe kwamba ahame. Kila mtu wa bondeni anajua uzito wa neno hilo.

Nitamshauri pia asimwache Antonio mweupe. Antonio wa bondeni naye ni mfanyabiashara wa mpunga. Tumwone mapema akisimamia vijana wake wanashindilia lumbesa, akicheka nao. Mwalimu aliandika mabepari kwa wingi, na filamu itende hivyo. Mtazamaji atakapopiga makofi kwa hukumu ya kipimo halisi, akumbuke ameliona gunia la Antonio.

Na mwisho? Wapo watakaosema kwamba kwa ushauri huu nimeiua futuhi, nikaleta tanzia kwa mlango wa nyuma. La hasha. Maharusi na wavuke daraja usiku, ngoma zilie, mizaha ya pete ifanyike yote na watu wacheke mpaka machozi, maana mapenzi yao ni ya kweli na furaha yao haina kosa. Ila kamera isivuke yote. Ibaki kidogo ukingoni, ambako mtu anafunga mzigo wake na mizani yake, naye anaisikia ngoma ileile tunayoisikia sisi. Asiseme neno. Watu wazima wanajua kwamba kijiji kinaweza kuwa na harusi ng'ambo moja na msiba ng'ambo nyingine, na methali tuliyoanza nayo haikusema kwamba matanga yatakuwa ya aliyekopa.

Sisi wa mashairi tunafundishana kwamba mshororo ukizidi silabi moja umeharibika, na ukipungua moja umeharibika vilevile. Hatumpi nafasi mtunzi kwa kuwa ni rafiki, wala hatumbani zaidi kwa kuwa ametoka mbali. Ndiyo sababu kipimo chetu tukakiita mizani, kwa jina lilelile la chombo cha sokoni. Kijana wa Ifakara, au mwingine yeyote atakayeipa tamthilia hii nyuso za kwetu, simwombi uaminifu mkubwa kuliko huo: asimfungie rafiki yake lumbesa, na yule anayechekwa asimpunguzie hata ratili moja ya utu wake.